Gari la Formula Student linapogoma: kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu ni wa timu za wanafunzi wa uhandisi zinazojenga gari kwa kanuni za Formula SAE na Formula Student: gari la kiti kimoja, magurudumu yaliyo wazi, injini isiyozidi sentimita za ujazo 710 (mara nyingi ya pikipiki), na hewa yote ya injini kupita kwenye tundu moja la milimita 20, au 19 kwa wanaotumia E85 (mafuta yaliyo ethanoli zaidi na petroli kidogo). Mashindano yenyewe yalianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uingereza ikafuata mwaka 1998, na Wajerumani wana lao pale Hockenheim tangu 2006. Kanuni hurekebishwa kila msimu, kwa hiyo namba za kanuni zilizomo humu zilinganisheni na kitabu cha mwaka wenu.

Kwenye magari haya, kifaa kinacholaumiwa kwa kawaida ni kizima. Pampu inasukuma, koili inatoa cheche, sensa inasoma. Kilichokufa ni pini iliyorudi nyuma ndani ya soketi, o-ringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyokatwa wakati wa kufunga, au waya wa hasi uliokazwa juu ya rangi. Ndiyo maana timu hununua pampu ya pili na ya tatu, na gari likaendelea kuzima palepale. Anzeni na maungio kabla ya vifaa, na katika maungio yote anzeni na lile lililoguswa mwisho. Gari lililokuwa zima Jumamosi na kugoma Jumatatu halikuzeeka kwa siku mbili. Kuna kitu kilifunguliwa. Wekeni daftari la gari lenye tarehe, kazi iliyofanyika na nani alishika spana, na mbadilishe kitu kimoja tu kabla ya kupima tena. Mkibadilisha viwili na gari likapona, hamjui mlichotibu.

Stata inagoma, au inazunguka na injini haiwaki

Stata ikigonga mara moja na kunyamaza, msikimbilie kuchaji betri. Chukueni multimita, upande wa volti za DC. Ncha moja iwe kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini, kisha mtu apige stata. Usomaji ukizidi volti 0.5, umeme unapotea njiani ukirudi: kichwa cha waya kimekaa juu ya rangi ya chesisi, au kimebanwa vibaya. Rudieni hivyohivyo upande wa chanya, kati ya nguzo ya betri na bolti ya stata. Tiba ni kukwangua rangi mpaka chuma king'ae kwa upana wa kichwa chote cha waya, kuweka washa ya meno, kukaza, halafu kupaka grisi juu ili kutu isiingie. Injini imekaa juu ya mipira? Basi iwe na waya wake mnene wa hasi. Msitegemee bolti za kuishikilia. Betri nayo ipimwe stata ikiwa inazunguka. Ikishuka chini ya volti 10 na waya zote mbili zikapita kipimo, hapo ndipo betri ina hatia.

Stata ikizunguka vizuri bila injini kuwaka, fuateni kwanza mnyororo wa usalama: swichi kuu, vitufe vya dharura, swichi ya mshtuko, na swichi iliyo nyuma ya pedeli ya breki. Vyote hivyo hukata pampu ya mafuta na cheche. Swichi ya mshtuko huruka gari likishushwa kwa kishindo kutoka kwenye trela, na watu wakahangaika na kompyuta ya injini saa nzima kwa kitu cha kubonyeza kwa kidole. Pimeni volti 12 kutoka swichi moja hadi nyingine; zinapopotea ndipo penye tatizo.

Mnyororo ukiwa mzima, angalieni kwenye skrini ya kompyuta ya injini kama mzunguko wa injini kwa dakika (rpm) unaonekana wakati stata inafanya kazi. Ukibaki sifuri, sensa ya kranki haionekani. Nafasi kati ya sensa na meno iwe kati ya milimita 0.5 na 1. Kwa sensa ya sumaku yenye waya mbili, kugeuza waya hizo huleta ugonjwa wa ajabu: injini huwaka, lakini muda wa cheche unahama kadiri mzunguko unavyopanda, na ikifika juu inapoteza hesabu na kukata. Waya zake zisokotwe pamoja ndani ya ngao, ngao ifungwe kwenye hasi upande wa kompyuta tu, na zipite mbali na waya za koili.

Mzunguko ukionekana, toeni plagi moja. Iliyolowa petroli inasema mafuta yanafika na cheche haipo. Iliyo kavu inasema kinyume, na hapo mpime shinikizo kwenye reli ya mafuta: injini nyingi za pikipiki hutaka bar 3 hadi 3.5. Plagi ya kujaribia cheche ishikwe kwenye chuma cha injini mbali na tundu ililotoka, maana tundu hilo linapumua mvuke wa petroli.

Injini haitulii bila kukanyagwa mafuta, inapanda na kushuka

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa magari haya, na karibu kila mara chanzo ni hewa inayoingia baada ya tundu la milimita 20. Kwenye injini isiyo na turbo mpangilio ni throto (kipepeo kinachofungua njia ya hewa), kisha tundu, kisha chumba cha hewa, kisha mabomba ya kila silinda. Kila kiungo baada ya throto kina ombwe, na chumba kilichochapishwa kwa plastiki au kutandikwa kwa nyuzi za kaboni kinaweza kuvuja kwenye ukuta wake wenyewe, mbali kabisa na gaskiti mnazozikagua.

Namna injini inavyougua inategemea mlivyoipanga kompyuta. Ikikadiria hewa kwa pembe ya throto, haioni hewa ya wizi, kwa hiyo mchanganyiko unakauka: lambda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta, juu ya 1 ni kavu) inapanda juu ya 1.1, injini inamisi na kupiga chafya kwenye eksozi. Ikikadiria kwa shinikizo la chumba cha hewa, inaiona hewa hiyo na kuongeza mafuta, kwa hiyo injini inakimbia: mlipanga mzunguko 2,000, unakaa 3,500 na haushuki. Dalili mbili tofauti, tundu moja.

Jaribio la kwanza ni la sekunde kumi. Injini ikiwa inawaka, zibeni mdomo wa throto kwa kipande cha ubao kilichobandikwa mpira laini, kamwe msitumie kiganja. Injini isiyovuja huzima papo hapo. Ikiendelea kuguruma hata kwa taabu, kuna mlango mwingine, na wakaguzi nao wanaweza kutumia jaribio hilihili.

Kutafuta mlango wenyewe:

1. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zibeni mdomo wa throto kwa kifuniko chenye valvu ya tairi.
2. Jazeni hewa kwa pampu ya baiskeli hadi bar 0.2 tu. Zaidi ya hapo mnaweza kupasua chumba. Valvu za injini zilizo wazi zitapitisha hewa kiasi, hivyo mtu aendelee kupampu taratibu.
3. Pakeni maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo, mzunguko wa kila injekta, mpira wa kila bomba, na uso wote wa chumba.
4. Tazameni mahali pamoja walau nusu dakika. Uvujaji mkubwa unapuliza sabuni. Ule mdogo unaota povu jeupe, dogo kama punje za mtama, kwenye mstari wa gundi au kati ya tabaka za uchapishaji.

Kunyunyizia kisafishio cha kabureta kwenye injini inayowaka ni njia ya haraka ya mafundi wengi, lakini kwenye gari hili eksozi iko karibu mno na chumba cha hewa. Tumieni sabuni.

Uvujaji wa ukuta wa plastiki hutibiwa kwa kupaka epoksi nyembamba ndani, tabaka mbili, kila moja ikikauka kabisa. Injekta zinazovuja kwa kawaida zina o-ringi iliyoingizwa kavu na kukatwa ukingoni; paka mafuta mepesi ya injini kabla ya kuisukuma.

Kama hakuna uvujaji na bado haitulii, someni sensa ya shinikizo injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa. Inatakiwa kuonyesha hewa ya mahali mlipo: karibu kPa 101 Dar es Salaam au Mombasa, na karibu 82 Nairobi. Ikionyesha tofauti, mpangilio wa sensa ni mbovu na ramani yote ya mafuta imejengwa juu ya uongo. Hilo ni muhimu zaidi kwa timu inayopanga injini nyanda za juu na kwenda kushindana karibu na usawa wa bahari: ramani ya pembe ya throto isiyosahihishwa kwa shinikizo la hewa itakuwa kavu kwa kiasi cha kuunguza pistoni.

Nguvu zinaisha mapema

Tundu la milimita 20 likifikia kikomo haliwezi kupitisha zaidi ya takriban gramu 74 za hewa kwa sekunde usawa wa bahari, na hakuna ramani itakayobadilisha hilo. Shinikizo la chumba cha hewa kushuka throto ikiwa wazi kabisa kwenye mizunguko ya juu ni jambo la kawaida. Likishuka mapema mno, mtu akae ndani akanyage mafuta hadi mwisho, mwingine achungulie kipepeo cha throto. Mara nyingi kimefunguka robo tatu tu, kwa sababu kizuio cha pedeli kimewekwa karibu au waya umelegea. Baada ya hapo ndipo mkague koni inayopanuka baada ya tundu: kuta zikifunguka kwa zaidi ya digrii 7 hivi kila upande, hewa inaachana na ukuta na kupoteza shinikizo.

Injini inakata kwenye kona

Pikipiki ikikata kona inalala, na mafuta yanabaki chini ya injini. Gari halilali. Injini ileile sasa inasukumwa pembeni kwa zaidi ya g 1, na petroli na oili zote mbili zinapanda ukuta na kuacha mdomo wa pampu ukinyonya hewa. Kwa hiyo kukata kwenye kona kuna washukiwa watatu, na rekodi ya data inawatenganisha.

Petroli ikikosekana, shinikizo la reli linashuka kwanza, lambda inapanda, mzunguko unafuata kwa kusuasua. Umeme ukikatika, mzunguko unadondoka hadi sifuri ghafla na chaneli nyingine zinaruka kwa pamoja. Hapo mtikiseni waya baada ya waya injini ikiwa inawaka, mkianza na soketi zilizo karibu na viungo vinavyocheza. Oili ikikosekana, injini haikati kabisa mwanzoni, na hapo ndipo hatari ilipo: inaendelea kuvuta vizuri huku beringi za kranki zikikauka.

Kwa petroli, angalieni upande. Ikikata kona za kulia tu, mdomo wa kunyonya umekaa upande ambao petroli inaukimbia. Dawa ni kibakuli kidogo cha lita 0.5 hadi 1 kinachojazwa na pampu ya kwanza, na pampu ya shinikizo ikanyonya humo. Jaribuni tangi likiwa na lita 2, maana tangi lililojaa huficha ugonjwa huu mpaka mizunguko ya mwisho ya mbio.

Kwa oili, taa pekee haitoshi. Wekeni sensa ya shinikizo na kengele inayofuata mzunguko. Shinikizo likizama kwa nusu sekunde kwenye kona ndefu, simamisheni majaribio siku hiyo. Kata chujio kwa kikatio chake, kunjua karatasi yake juu ya kitambaa cheupe na uisogeze juani. Vumbi linalonaswa na sumaku ni chuma cha gia, na kidogo chake ni kawaida kwa kuwa gia na injini za pikipiki hushiriki oili moja. Vipande bapa vinavyong'aa, visivyonaswa na sumaku, ni ngozi ya beringi, na injini hiyo ifunguliwe kabla haijatupa konrodi. Kinga ni kuta ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) zenye milango inayofunguka kuelekea pampu tu, au tangi la akiba la oili yenye shinikizo, au mfumo wa sampu kavu. Kuongeza oili ya ziada husaidia kidogo, lakini ikizidi kranki inaipiga na kuitia povu, na povu halibebi beringi.

Injini inachemsha

Ulizeni kwanza inachemsha lini. Ikisimama tu: feni. Mara nyingi waya zake zimegeuzwa na inapuliza kinyume cha upepo wa mwendo. Shikeni karatasi mbele ya rediata, inatakiwa kunaswa. Ikichemsha ikikimbia: hewa haipiti kwenye rediata, au maji hayazunguki, au kuna hewa imenaswa. Kanuni zinaruhusu maji matupu tu, kwa hiyo shinikizo la mfuniko ndilo kinga yenu yote. Mfuniko wa bar 1.1 unasogeza mchemko hadi karibu digrii 121. Ukivuja, maji yaleyale yatachemka kwa 100 pwani na kwa karibu 94 Nairobi.

Rediata za magari haya hukaa chini ya kichwa cha injini, kwa hiyo hewa hunasa juu. Inueni pua ya gari au upande wenye mdomo wa kujazia mpaka mdomo uwe mahali pa juu kabisa, jazeni polepole, washeni hadi pande zote mbili za rediata zipate moto, zimeni, acheni ipoe, ongezeni. Viputo visivyoisha hata baada ya mara tatu ni gesi ya silinda inayopita gaskiti ya kichwa.

Breki hazifungi magurudumu yote manne

Jaribio la breki ni fupi na halina huruma: magurudumu yote manne yafunge kwa pamoja, gari likienda moja kwa moja.

Pedeli ikiwa laini, kabla ya kutoa upepo mara ya nne, angalieni skrubu ya kutolea upepo kwenye kila kalipa iko wapi. Kalipa ikifungwa kichwa chini, au ya kushoto ikiwekwa kulia, skrubu inakuwa chini na hewa inabaki juu milele. Ifungueni kalipa, ishikeni skrubu ikielekea juu, tieni kipande cha chuma cha unene wa diski kati ya pedi, toeni upepo hivyo, kisha mrudishe. Kama upepo umeisha na pedeli bado inazama, mtu akanyage kwa nguvu zote huku mwingine akitazama masta silinda kwa karibu. Kanuni zinataka pedeli ihimili newtoni 2,000. Kibao cha alumini kinachojikunja milimita tatu kinameza nguvu iliyotakiwa kufika kwenye diski.

Magurudumu ya mbele yakifunga na ya nyuma yakaendelea kuzunguka, sogezeni fimbo ya mizani, ile inayogawa nguvu kati ya masta ya mbele na ya nyuma, kuelekea masta ya nyuma, nusu mzunguko kila mara, mkiandika. Ikiwa mizani haijibu, imekwama: vishikizo vyake vimebana kwenye mikono ya pedeli na havina nafasi ya milimita chache ya kucheza pembeni. Fimbo inatakiwa kuwa pembe mraba na vijiti vya masta breki zikiwa zimekanyagwa, hata kama ikiachiwa inakaa kimshazari. Na pedi mpya hazishiki mpaka zizoezwe: simamisho nane hadi kumi, nguvu ikiongezeka, bila kufunga magurudumu, kisha mwendo wa kupoza.

Breki zinazojikaza zenyewe baada ya mizunguko kadhaa zina kijiti cha masta kilichorefushwa mno. Pistoni hairudi hadi mwisho, maji ya breki yanayopanuka kwa joto hayana njia ya kurudi kwenye kikopo. Acheni ulegevu wa milimita 1.

Gari linavuta upande, au halitaki kuingia kona

Msiguse springi kabla ya kutikisa magurudumu. Gari likiwa juu, shikeni tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini ni beringi au viungo vya wishiboni (mikono ya sasipensheni). Wa kushoto na kulia peke yake ni tairodi au raki ya usukani. Baada ya hapo upepo wa tairi, halafu nyuzi mbili sambamba kando ya gari za kupimia mwelekeo wa magurudumu, halafu mizani minne: jumla ya uzito wa kona mbili za kimshazari iwe karibu nusu ya gari, dereva akiwa ndani. Gari likigoma kuingia kona za polepole tu, na difrensha ya nyuma (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) ni ya sahani za msuguano, punguzeni mkazo wake wa awali.

Kwenye rodi-endi (kiungo chenye uzi mwishoni mwa fimbo), kagueni moja zaidi: uzi wake usibebe mzigo wa kupinda. Zile zinazokatika huwa zimewekwa katikati ya wishiboni ili camber (mwinamo wa gurudumu) irekebishwe kirahisi, na majaji wa usanifu huzitafuta kwa macho.

Bolti na nati: bolti za daraja 8.8 au zaidi, uzi mbili zionekane baada ya nati, na kila bolti ya usukani, breki, mikanda na sasipensheni iwe na kizuizi cha kimitambo. Gundi ya uzi haihesabiki. Karibu na eksozi nati ya nailoni huyeyuka, tumieni ya chuma. Pigeni mstari wa rangi kutoka nati hadi chuma. Uliokatika unaonekana kwa kupita tu.

Gari la umeme linakata nguvu

Kwa upande huu, asiyefunzwa asifungue kasha la betri. Volti zinaweza kufika 600. Kukata kwa muda mfupi wakati wa kukanyaga kwa kawaida ni sensa mbili za pedeli kutofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 kwa millisekunde 100. Pedeli inayopinda pembeni inatosha kuleta hilo. Kukanyaga breki na mafuta pamoja pia hukata, na nguvu hairudi mpaka pedeli ya mafuta ishuke chini ya asilimia 5. Kifaa cha kupima insulesheni kikiruka baada ya mvua, tenganisheni sehemu moja baada ya nyingine, inveta, mota, kisha kasha, na kipimo cha chini ni omu 500 kwa kila volti.

Haiwaki tena baada ya kubadilisha dereva

Mbio ndefu ni kilomita 22, na kwenye Formula SAE zina pointi 275 kati ya 1,000. Katikati gari linazimwa, dereva anabadilishwa ndani ya dakika 3, na injini lazima iwake tena kwa stata yake. Hapo magari mengi mazuri hufia.

Petroli iliyo kwenye reli juu ya injini ya moto inageuka mvuke. Washeni pampu mara mbili kabla ya stata ili isukumwe irudi kwenye tangi. Kama mafuta yanasukumwa na bado inagoma, kompyuta inamwaga mafuta ya kuwashia injini baridi: kagueni jedwali la kuwashia kwa joto la digrii 90 hadi 110, mara nyingi halijawahi kujazwa. Stata ikizunguka kwa uzito, betri imeliwa na feni na pampu. Pimeni kwenye nguzo zake kwa mzunguko 5,000 vitu vyote vikiwa vimewashwa. Chini ya volti 13.5 inamaanisha jenereta ya injini haitoshi au regulata imechoka, na betri imekuwa ikipungua tangu mzunguko wa kwanza.

Fanyeni zoezi lenyewe walau mara tano kabla ya kusafiri: kilomita 11 kwa kasi ya mbio, zimeni, ngojeni dakika 3 kamili bila feni ya nje, piga stata. Andikeni joto la maji na volti za betri za kila mara.